Daftari la Wageni

Hili ni daftari la nne tangu niajiriwe hapa,
jalada jeusi, uti mwekundu,
pembe zimekunjwa na jasho la watu.
Kalamu nimeifunga uzi wa katani,
maana kalamu za lango hili zina miguu.
Safu ni sita: jina, kitambulisho, simu,
nyumba uendayo, saa ya kuingia, saa ya kutoka.

Hakuna aliyeniambia nani aandike, nani apite.
Wallahi. Meneja alisema neno moja tu,
"Wageni waandikishwe, Nyamawi,"
akapandisha kioo cha gari, akenda zake.
Hayo mengine niliyajua mwenyewe,
kama mpishi ajuavyo chumvi bila kuipima.

Basi Mama Dzame, afuaye Jumatatu na Alhamisi,
mwaka wa tano huu, anaandika.
Jina lake limekwisha herufi,
limebaki mkwaruzo, kama kuku kapita mchangani.
Fundi Baya anaandika, spana kwapani.
Jamaa za Mhindi wa nyumba ya pili
nawauliza kwa macho, wananijibu kwa honi.
Dada wa Kibokoni, mweupe wa rangi,
namuuliza jina, kitambulisho namwachia.
Weupe nao una ngazi zake,
na mfagiaji wa ngazi ni mimi.

Kisha yule kijana wa kaptula, miguu mitupu,
mchanga wa pwani bado vifundoni,
siku yake ya kwanza Mombasa. Ya kwanza!
Hata namba ya nyumba aliyofikia hakuijua.
Nilimfungulia. Nikamwonyesha. Nikapiga saluti.
"Jambo," akasema.
"Jambo," nikajibu,
neno nisilomwambia mtu yeyote wa kwetu.

Daktari Mkamburi amepanga nyumba ya tisa.
Wiki tatu za mwanzo nilimpelekea daftari
mpaka dirishani mwa gari lake.
Hakubisha. Aliandika kwa hati iliyonyooka,
na pale penye "nyumba uendayo"
akaweka: kwangu.
Kesho yake: kwangu.
Mara ishirini na moja, kwangu.
Nilizihesabu baadaye, usiku, kwa tochi ya simu,
mbu wakinila, nami nikiwaacha.

Mwezi wa sita ikapotea saa, nyumba ya nne.
Polisi wakaja, wakaagiza daftari.
Kidole kikashuka ukurasa kwa ukurasa:
Dzame, Baya, Dzame, Mkamburi, Dzame.
Karatasi haikusema uongo hata mmoja.
Walioandika ndio waliokuja.
Wasioandika hawakuwahi kufika,
na asiyefika ataibaje?
Mama Dzame alilala kituoni siku mbili.
Siku ya tatu saa ilionekana
ndani ya kiatu cha gofu cha mwenyewe.
Hilo halikuandikwa popote,
na Alhamisi alirudi kufua,
akaandika.

Jana ilikuwa zamu yangu ya kupumzika.
Nilisahau chupa ya chai kibandani,
nikaifuata kwa miguu kutoka Kongowea,
shati la maua, ndara.
Langoni yupo Tsuma, kijana mpya,
niliyemfundisha kazi mwenyewe wiki nzima.
Hakunijua bila sare.
Au alinijua.
Alinisogezea daftari kwa adabu, sina la kumlaumu.

Nikaishika kalamu.
Kumbe uzi ni mfupi!
Miaka kumi na moja, na mikono yangu ndiyo iliyoufunga,
sikujua kwamba ili uandike sharti uiname.
Nikainama. Jina. Kitambulisho. Simu.
Penye "nyumba uendayo" kalamu ikasita.
Nyuma yangu gari likapiga honi, mara moja, taratibu,
na Tsuma akanipita mbio
kwenda kufungua.